Mkanda Imekatwa

Tulipomzika Mzee Lokwawi kule Burat, mjukuu wake alisimama kutueleza mwisho wa babu yake. Ni kijana mpole, na Kiswahili chake ni hiki chetu cha Isiolo, ambacho mtu hukisema vile kinavyomjia. Alisema babu alikunywa uji, akalalamika kidogo kuhusu kifua, akalala kwa ubavu kama kawaida yake. "Halafu asubuhi nikaenda kumwamsha," akasema, "nikakuta pumzi imekatwa." Watu walikuwa wameshika vikombe vya chai, na vikombe vyote vikatulia mikononi. Mwanamke mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Umesikia? Imekatwa." Yule mwenzake akauliza ni nani mwingine alikuwa analala katika ile nyumba. Niligeuka kumtafuta Mwiti, niliyefanya naye kazi zamani, upande wa wanaume, nikakuta tayari ananitazama. Mvi zimemjaa sasa, lakini macho ni yaleyale. Mimi na yeye tulikuwa tumewahi kuishi karibu mwaka mzima ndani ya neno hilo moja, na hakuna mtu mwingine pale aliyelijua vile tulivyolijua, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, mtandio wake umemfunika mpaka kwenye paji la uso.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na masomo yangu yakaishia hapo. Nilikuwa msichana wa kujibu kwa kichwa. Nikiulizwa jambo, nilitikisa kichwa au nilikiinamisha, na watu wengi waliridhika na hayo. Hata sasa naandika polepole, kama mtu anayechambua mawe kwenye maharagwe, na kama si mazishi ya Mzee Lokwawi sidhani ningeyaandika haya. Mama Habiba alinichukua nifanye kazi katika kinu chake cha kusaga mahindi huko Kiwanjani. Kazi yangu ilikuwa kupima mahindi kwenye mizani, kufagia, na kuwaonyesha kina mama mahali pa kusimama kwenye laini. Alinipa chumba nyuma ya kinu, chumba ambacho ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta mbili. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali, na ng'ambo yake ndiko mota ilikonguruma mchana kutwa. Ukuta wa pili ulikuwa wa mbao, na ng'ambo yake ni sebule ya Mama Habiba. Mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, kwa hiyo jioni mistari ya mwanga wa taa yake iliingia ikalala juu ya blanketi langu, pamoja na harufu ya ubani na kila neno alilosema. Sikuhitaji kuweka sikio. Maneno yalikuja yenyewe.

Tulikuwa watatu wa kazi. Mwiti ndiye aliyeendesha kinu. Alikuwa mtu wa Meru aliyeshuka Isiolo zamani, akaoa, akanunua kashamba ka vitunguu Burat. Alivaa koti refu ambalo lilikuwa la buluu siku lilipotoka dukani, lakini mimi nililijua jeupe kwa unga. Mzee Lokwawi alikuwa mlinzi, Mturkana kama mimi, mrefu, meno machache, Kiswahili chake cha kuokota barabarani. Mchana tulikula pamoja nyuma ya kinu, tumekalia madebe yaliyopinduliwa. Mama Habiba alituletea anjera, mikate yake laini ya unga uliochachuka, na chai ya maziwa ya ngamia, ile yenye harufu ya moshi, na Mwiti alifungua githeri aliyopikiwa nyumbani. Mzee alikuwa anachagua maharagwe na kuacha mahindi.

"Mzee, wewe unalinda kinu cha mahindi na mahindi yenyewe hukuli," Mwiti alimwambia siku moja.

"Mimi nalinda, sikuli. Wewe unakula. Sasa wewe nani anakulinda?"

Tulicheka, hata mimi, nikiwa nimefunika mdomo. Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi baadaye.

Kwa asiyejua kinu, ni hivi: mota imefungwa chini upande mmoja, kinu chenyewe upande mwingine, na katikati kuna mikanda miwili ya mpira inayokimbia sambamba. Kila mwisho mikanda inakaa kwenye puli, yaani gurudumu lenye mifereji. Mota inazunguka, mikanda inabeba nguvu, kinu kinasaga. Juu ya mikanda kuna bati la kuifunika lisije likamvuta mtu nguo. Jioni moja stima ilipotea Mwiti akimalizia debe la mwisho la siku. Kinu kikazima, akageuza swichi, akafunga mlango, akaenda zake. Asubuhi Mzee Lokwawi aliingia kufagia kabla Mwiti hajafika, akainua lile bati, akakuta mkanda mmoja umelala sakafuni kama nyoka aliyepigwa. Mama Habiba alikuwa amesafiri kwenda Biliqo kwa dada yake Dahabo, kuangalia ngamia wake. Kule mtu hupata netiwaki juu ya kilima kimoja tu, na ilikuwa bahati simu kumpata. Nilikuwa nimesimama karibu na mzee na ufagio wangu.

"Salaam aleikum, Mama," mzee akasema, maana ingawa yeye ni Mkristo alimsalimia kila mtu kwa salamu yake. "Huku mkanda imekatwa."

"Umekatwa?" Sauti ya Mama Habiba ilitoka ndogo, upepo ukiipiga.

"Eeh. Nimefungua nikakuta imekatwa."

Halafu simu ikakatika. Mzee akaitazama, akasema, "Amesikia," akaitia ndani ya soksi alikozoea kuiweka. Mimi nikaendelea kufagia. Kwangu neno lilipita kama maneno mengine. Sisi tulisema kikombe kimevunjwa hata kama ni upepo ulikiangusha, na nguo imeraruliwa hata kama ni msumari wa mlango. Hakuna mtu aliyeuliza ni nani.

Lakini Mama Habiba, ingawa ni Mborana wa papa hapa, alikuwa ameolewa Malindi akiwa msichana, akakaa huko mpaka mumewe alipofariki, akarudi Isiolo na Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa fundi wa mawe. Alitusahihisha kila siku. Mtu akisema "mtoto yangu", alikatiza bei katikati akasema, "Mtoto wangu." Kwake kitu kikikatika kimejikatikia, na kikikatwa kuna mkono uliokikata. Na neno hili alilipata juu ya kilima, akalibeba peke yake, akakaa nalo kwa dada yake siku kadhaa, akapanda nalo lori la mbuzi, akashuka nalo Kiwanjani. Mama Habiba hakumuuliza Mzee Lokwawi tena chochote. Kwake mzee alikuwa shahidi aliyekwisha kusema yake, tena mwaminifu, ambaye hangetaka kumtaja mwenzake kwa jina. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwiti.

"Ule mkanda uko wapi?"

"Ile ya zamani? Nimetupa hapo kona. Nimeweka mpya, Mama, kazi inaendelea."

"Umeutupa haraka."

"Si imeisha?"

"Mkanda ulioununua juzi tu ukaisha?"

"Mikanda ya siku hizi ni ya ovyo," Mwiti akasema, akarudi kwa mahindi yake.

Mama Habiba aliuokota ule mkanda, akaupangusa unga, akaenda nao. Jioni, kupitia nafasi za mbao, niliona ameutundika kwenye msumari kando ya kalenda, na kila uliofuata ukatundikwa hapohapo.

Wakati huohuo mtu mwingine alikuwa amefungua kinu kipya karibu na soko, na mwenyewe alitoka upande wa kwao Mwiti. Hilo peke yake si kitu, lakini siku zile kila kitu kilianza kuwa kitu. Mama Habiba alileta stuli akaiweka mlangoni pa kinu, akawa anakaa hapo na tasbihi yake, macho yakifuata mikono ya Mwiti. Mwiti akawa hasemi kama zamani. Ijumaa moja Mama Habiba akiwa msikitini, mkanda mwingine ulikwenda kwa kishindo, bati likaruka. Alipofika alikuta Mwiti ameushika mkononi. Hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja akasema, "Nipe kisu."

Mwiti alikuwa na kisu kidogo cha kukatia kamba za magunia. Alikitoa mfukoni, akakiangalia, akampa.

"Kuanzia leo kitakaa kwa Akiru," Mama Habiba akasema. "Anayetaka kufungua gunia atamwomba."

Basi nikawa mlinzi wa kisu, mimi ambaye sikuweza kumwambia mteja arudi nyuma kwenye laini. Nilikiweka kwenye droo ya meza ya mizani, na kila mara Mwiti alipokuja kukiomba alisema, "Bi mkubwa, naomba silaha." Mwanzoni alisema kwa mzaha. Baadaye alikuwa ananyoosha mkono tu.

Usiku Mama Habiba alizungumza na dada yake kwa simu, kwa Kiborana, sauti juu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nilikielewa kiasi cha kutosha. "Mlinzi mwenyewe aliniambia umekatwa," alisema. "Si mimi niliyesema. Alinipigia nikiwa kwako, unakumbuka?" Halafu akanyamaza kumsikiliza Dahabo. "Nani mwingine ana sababu? Kinu kikisimama, wateja wanakwenda wapi? Wanakwenda sokoni, kwa ndugu yake." Nililala nikitazama mistari ya mwanga ikizimika mmoja mmoja kadiri kivuli chake kilivyopita, na nikaanza nami kupima. Nilijiuliza kwa nini Mwiti alipiga magoti upande wa nyuma wa mota ambako hakuna mtu angemwona. Alikuwa na spana, ndiyo, na aliniambia anakaza mkanda maana ulikuwa unalegea. Lakini kwa nini ulegee kila siku? Alivuta mota nyuma, akakaza, akavuta tena, akakaza zaidi, mpaka mkanda ukawa unalia kama waya wa gitaa ukiugusa. Niliona pia kitambaa changu cha kichwa, nilichotundika mchana ndani ya kinu kwenye ukuta wa nyuma ya mota, kikiwa na vumbi jeusi. Upande wa pili wa mota hakukuwa na vumbi hilo. Nilidhani ni moshi wa jikoni. Na ile harufu ya mpira kuungua nilidhani majirani wanachoma tairi kuukuu. Mtu akishakuwa na mshukiwa haoni tena vitu vingine, anaona mikono tu.

Kwa upande wake Mwiti alikuwa na mshukiwa wake. Mteja mmoja alimpasha kwamba maneno ya kukatwa yalitoka kwa mlinzi. Kuanzia siku hiyo hakula nasi. Alikwenda na githeri yake kusimama kando ya tangi jipya la maji, lile ambalo Mama Habiba alilijenga nyuma ya ukuta wa kinu na kulisifu kwa kila mgeni. Mzee Lokwawi alibaki na debe tupu mbele yake.

"Huyu amekasirika na mimi?" akaniuliza kwa Kiturkana.

Nilitikisa kichwa kwamba sijui.

"Nilimfanya nini?"

Nilitikisa tena. Na kweli sikujua, maana mimi pia niliamini mzee alikuwa ameona kitu asubuhi ile na ameamua kukaa nacho.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, laini imefika barabarani, kina mama na madebe, wengine wametoka mbali na punda. Mkanda ulikatika debe la mama mmoja likiwa limesagwa nusu. Wateja wakaanza kuguna. Mmoja akasema afadhali wangekwenda sokoni tangu asubuhi, na nadhani ni neno hilo la sokoni lililomwinua Mama Habiba kwenye stuli. Alisimama katikati ya watu wote. "Mwiti," akasema, kwa kile Kiswahili chake kisicho na doa, "kisu nilikunyang'anya, lakini mkono sikuweza kukunyang'anya. Mkono wako ndio unaokata mikanda yangu."

Mwiti alikuwa na unga kwenye nyusi. Alimtazama Mama Habiba, akamtazama mzee pale langoni kwa muda mrefu zaidi, halafu akavua lile koti. Akalitundika kwenye msumari wake, akalinyoosha mabega vizuri kama mtu anayemvisha mtoto, akapita katikati ya laini akaenda. Mama mmoja wa Kimeru aliyekuwa akimjua alimwita, "Baba Kendi, kwani ni kweli?" Hakugeuka. Siku zilizofuata nilisikia swali hilo kila mahali, kisimani, dukani, kanisani. Mtu wa kinu hana shahada ukutani. Ana jina lake tu, na jina la Mwiti lilikuwa limeshaitwa mkata mikanda. Alikwenda kuomba kazi kile kinu kipya cha sokoni, kwa yule waliyesema ni ndugu yake, naye akamwambia hawezi kumpa mtu wa sifa hiyo mikanda yake. Hapo ingefaa sisi tufikiri, lakini hatukufikiri. Mama Habiba alisema wanajifanya.

Koti lilibaki msumarini. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Mama Habiba aliniambia nishike swichi mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeona kazi ikifanywa, na yeye mwenyewe akasogeza stuli ndani, karibu na bati, mgongo ukutani, ili asiwepo mtu wa kuja nyuma yake. Mikanda ilikuwa mipya. Nilikaza kama nilivyomwona Mwiti akikaza. Kwa muda kidogo kinu kilienda vizuri, na kila jioni Mama Habiba alisema, "Unaona?" Nilitikisa kichwa kwamba naona.

Halafu siku moja, mchana mweupe, mimi nikiwa kwenye swichi na yeye kwenye stuli, mkanda ulikwenda. Ulipiga bati kwa ndani, bati likaanguka miguuni pake. Nilizima. Akanigeukia mimi. Macho aliyokuwa akimtazamia Mwiti, sasa yalikuwa juu yangu.

"Nionyeshe mikono," akasema.

Nilinyoosha mikono. Ilikuwa na unga tu. Akaenda kwenye droo akaivuta. Kisu kilikuwa mle mle, kimeanza kushika kutu. Alikishika, akakirudisha. Niliona anatafuta mtu mwingine wa kumtazama, na hakukuwa na mtu. Mzee Lokwawi alikuwa amekimbia kutoka langoni kwa kile kishindo. Akainama, akaokota ule mkanda kwa ncha.

"Pole, Mama," akasema. "Imekatwa tena."

"Na nani, mzee?" Mama Habiba akauliza. Sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Mimi nimekaa hapa. Niambie wewe unayeona. Umekatwa na nani?"

Mzee akashangaa. "Na nani? Na hakuna."

"Kitu kitakatwaje na hakuna?"

"Imekatwa tu. Yenyewe. Kama kamba ya ndoo kisimani, inafika siku, inakatwa."

Mama Habiba alimkazia macho. Nilimwona akilisogeza lile neno mdomoni, akilitoa mkia na kulitia mkia mwingine. "Unataka kusema umekatika," akasema polepole.

"Eeh, hiyo," mzee akasema. "Imekatwa."

"Na siku ile ya kwanza? Uliponipigia simu nikiwa Biliqo?"

"Ile pia. Yenyewe."

Mama Habiba alikaa chini, si kwenye stuli, kwenye sakafu, kwenye unga, na buibui lake jeusi. Mzee hakuelewa ni nini kimetokea. Aliniangalia akaniuliza kwa Kiturkana kama amesema vibaya, na kwa mara ya kwanza nilimjibu kwa mdomo. Nilimwambia hapana, amesema vile tunavyosema.

Sasa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutazamwa, tuliitazama mashine. Mama Habiba alinituma nikalete ile mikanda aliyoitundika kando ya kalenda kama ushahidi. Tuliitandaza kwenye mkeka mlangoni penye mwanga. Kisu hukata mara moja, kikaacha mdomo safi. Hii yote ilikuwa imechanikachanika, nyuzi zimetoka kama ndevu, na kila mmoja ulikuwa umelika ubavu mmoja, ubavu uleule, mpaka mpira ukawa unang'aa. Nikakumbuka kitambaa changu. Nikakileta nikakiweka karibu. Mama Habiba alipitisha kidole kwenye lile vumbi jeusi, akakinusa, akasema, "Mpira." Vumbi lilikuwa upande mmoja tu wa mota, kwa sababu mkanda ulikuwa unasuguliwa upande mmoja tu.

Ni yeye aliyekumbuka uzi wa fundi aliyejenga tangi, jinsi alivyouvuta kona hadi kona kuona kama jiwe limenyooka. Tulitafuta uzi. Mzee akashika ncha moja kwenye puli ya kinu, mimi nikashika nyingine kwenye puli ya mota, na Mama Habiba akapiga magoti na kufumba jicho moja. Uzi uligusa puli ya kinu pande zote mbili. Kwenye puli ya mota uligusa ukingo mmoja, na ukingo wa pili ukabaki mbali, kidole kingepita. Mota ilikuwa imegeuza uso. Tukaangalia chini yake. Mguu mmoja wa mota ulikuwa umezama, simiti imepasuka na kulowa, na maji yalikuwa yanatoka taratibu chini ya ukuta. Ng'ambo ya ukuta ule ni lile tangi alilokuwa analisifu. Lilikuwa linavuja tangu lijengwe. Kila Mwiti alipokaza mkanda aliuvuta ule mguu uzidi kuzama, na kila ulipozama mkanda ulizidi kukimbia upande. Alidhani dawa ni kukaza. Mimi nilifanya vilevile. Wote tulikuwa tunauvuta ugonjwa karibu.

Fundi alikuja akaziba tangi na kumwaga simiti mpya, na mota ikanyooshwa kwa uzi. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa simu. Mama Habiba alinipa simu yake sebuleni, mimi nikiwa upande ule wa mbao ambako sikuwahi kuketi, akasema, "Mwambie wewe." Mwiti alipokea akiwa shambani, nilisikia maji ya mfereji.

"Ni Akiru," nikasema. "Mkanda ilikuwa imekatika."

Akauliza, "Imekatika ama imekatwa?"

Nilimtazama Mama Habiba. Akachukua simu. "Ulikatika, Mwiti. Tangi langu ndilo lililouharibu. Rudi kazini."

"Mama," Mwiti akasema, bila hasira, "mimi sikufukuzwa kwa simu. Nilifukuzwa mbele ya laini. Hiyo neno nitaisikia mbele ya laini."

Simu ikawekwa. Usiku ule Mama Habiba hakuzungumza na Dahabo. Nilimsikia akitembea sebuleni, huku na huku, na mwanga ukizimika na kuwaka juu ya blanketi langu.

Jumamosi laini ilikuwa ndefu. Nilipoinua macho kutoka kwenye mizani nilimwona Mwiti mwisho kabisa, nyuma ya mama mwenye punda, amebeba debe la mahindi begani kama mteja. Hakusogea mbele, wala hakuna aliyempisha. Walimwachia nafasi mbele na nyuma, kama mtu mwenye ugonjwa. Mama Habiba alimwona. Alirudi ndani, nikadhani amejificha, lakini akatoka tena amebeba mikanda yote iliyokatika mkononi, akaenda akasimama palepale aliposimama siku ile.

"Kina mama," akasema, "hapa nilisema mkono wa Mwiti ulikata mikanda yangu. Haikukatwa. Ilikatika. Nilisikia vibaya, na sikuuliza. Anayetaka aje aishike aone."

"Sasa ulikuwa unasikia nini, Mama, na wewe ndiye mwalimu wetu?" mwanamke mmoja akamtania kutoka katikati ya laini.

"Nilisikia mwisho wa neno," akasema. "Sikumsikia mtu."

Walikuja kweli, wakaishika, wakazivuta zile nyuzi, wakapeana. Mwiti alingoja laini ikasogea mpaka zamu yake ikafika. Akaweka debe lake kwenye mizani. Nilipima. Akamtazama Mzee Lokwawi langoni, akamwambia, "Mzee, kuja tukule." Halafu akanyoosha mkono kwenye msumari, akachukua koti, akalikung'uta mara moja, unga ukaruka ukatufunika sote.

Nimeandika haya kwa sababu ya kile kilichotokea Burat. Yule mjukuu alikuwa bado amesimama na minong'ono ilikuwa imeanza kupita kutoka kiti hadi kiti. Nilimwona Mwiti akitaka kuinuka. Lakini Mama Habiba aliinuka kwanza, akishikilia mkono wa kiti chake, amezeeka, goti moja halikunji tena. Hakumsahihisha kijana. Alimuuliza, kwa upole, mbele ya watu wote, "Imekatwa na nani, mwanangu?"

Kijana akamtazama bila kuelewa. "Na hakuna, nyanya," akasema. "Yenyewe tu. Alikuwa amechoka."

"Haya," Mama Habiba akasema, akawageukia waombolezaji mpaka kila mtu akamwona uso. "Mmesikia. Yenyewe." Akaketi. Na vikombe vikaanza kulia tena.